Mlima Niliomwahidi Nakiru

Mmeniuliza kwenye mfereji, mkaniuliza tena kanisani, na kila mara nimejibu kwamba safari ilikuwa nzuri. Haikuwa mbaya, lakini neno "nzuri" halilingani nayo. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ili nisiulizwe nusu nusu na nisijibu nusu nusu. Niliacha shule darasa la sita, mnajua, kwa hiyo mvumilie mwandiko. Habari za kutafuta mtu wa kushika zamu yangu ya maji shambani naziruka, maana mlikuwepo.

Nilikwenda Kakuma kumchukua mdogo wangu wa mwisho, Nakiru, nimlete Lodwar tupande pamoja mlima wenye sanamu ya Yesu. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa shida yangu. Wengine mlicheka mkasema mlima hauliwi. Sikuwaeleza wakati ule. Naeleza sasa.

Mama yetu alifia Lodwar. Nilikuwa na miaka kumi na minne na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Kutoka kwenye baraza ya wodi tuliiona sanamu ile, imefungua mikono juu ya mji. Baba alikuwa ameshatangulia. Niliporudi Kakuma peke yangu, Nakiru, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, alitoka mbio akaniuliza mama yuko wapi. Nilishindwa kulitamka. Nikamwambia mama amebaki kwenye mlima wa Yesu, na kwamba siku moja nitampeleka huko.

Baadaye alikua akaambiwa ukweli na watu wengine. Lakini ile ahadi hakuniachilia. Kila tulipozungumza kwa simu, kabla ya kukata, alikuwa anauliza, "Mlima lini, dada?" Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikijibu kwamba ni karibu.

Katilu mpaka Kalemng'orok

Nilitoka asubuhi na mapapai manne, mahindi mabichi, na unga wa mtama wa kumpelekea Mama Achol, yule mama wa Sudan Kusini aliyemlea Nakiru. Pikipiki iliniacha Kalemng'orok kabla jua halijawa kali. Niliambiwa kuna lori linakuja. Lori linalokuja, kama mnavyojua, ni neno refu sana. Nilikaa kivulini kwenye ukuta wa duka mpaka kivuli kikahama, nami nikahama nacho, mpaka kikanipeleka kwa mama mmoja anayeuza chai.

Aliniuliza ninakokwenda. Nikamwambia nakwenda kupanda mlima.

"Kuna mbuzi yako imepotea huko?"

Nikasema hapana.

"Maji iko?"

Nikasema hakuna maji.

Alinitazama, akaniongezea sukari bila kuniuliza. "Nyinyi watu ya shamba mkishiba mnatafuta kazi," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza kama nyumbani kuna watu wanaojua nimetoka. Nadhani aliniona si mzima. Nilimwambia wanajua. Hakutaka nilipe, nami nikamwachia papai moja.

Kwenye laga

Lori lilifika alasiri, limebeba saruji. Dereva alikuwa mtu wa Kitale, mnene, mwenye maneno mengi. Niliketi mbele pamoja naye. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cheupe kichwani, na aliposikia kwamba nakwenda kwa Yesu wa mlimani, aliamua mwenyewe kwamba mimi ni mtawa. Nilikanusha mara mbili. Akasema watawa wa kweli huwa hawajitangazi. Basi nikamwacha aamini.

Mbele ya Lokichar tulikuta magari yamesimama. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, sisi hatukuiona hata wingu lake, lakini laga ilikuwa imejaa. Ule mto mkavu ambao jana mbuzi walikuwa wanalala ndani yake sasa ulikuwa maji mekundu yanayoviringisha matawi. Hakuna la kufanya ila kungoja yapungue. Dereva alipika ugali kando ya gurudumu, akatoa samaki mkavu, nami nikachoma mahindi. Madereva wengine walipokuja kuomba mahindi aliwaambia wavue kofia kwanza, kuna mtumishi wa Mungu hapa. Wakavua. Mmoja aliniomba nimwombee mkewe, ambaye amekimbilia kwao na hataki kurudi. Nilimwombea. Sikuona ubaya, ingawa katikati ya sala nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sijui nitamwambia nini Nakiru nikifika.

Tulivuka jua likiwa linakaribia kuzama. Dereva alinishusha Lodwar akiniita mtumishi.

Nawoitorong

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya akina mama, Nawoitorong. Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Mama wa zamu aliniuliza kama niko na mtu, nikamwambia mdogo wangu anakuja keshokutwa, tutalala wote hapa. Akasema basi atakishika chumba hicho. Niliweka mapapai kwenye kitanda cha pili.

Asubuhi mlima ulikuwa pale, na sanamu juu yake. Niliukwepa. Nilitembea mpaka stendi nikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano, kwa sababu niliona si haki kuutazama sana kabla Nakiru hajauona.

Kakuma

Gari dogo la abiria lilinifikisha Kakuma kabla ya saa sita. Mnaojua Kakuma mnajua lile joto na zile lugha. Nilipokelewa kwa Kisomali, nikaelekezwa kwa Kiswahili cha Kongo, na mwanamke mmoja wa kwetu, Mturkana, mwenye mzigo wa kuni kichwani akanisalimia "ejok" kana kwamba ananiokoa. Mama yangu alikuwa anabeba kuni hizo hizo, akiwauzia wakimbizi wa kambi. Ndivyo alivyofahamiana na Mama Achol.

Lazima niwaeleze jambo moja hapa, na baada ya hapo sitarudi kwenye makaratasi. Mama alipofariki, mimi niliacha shule nikawa nafua nguo kwenye nyumba za watu kambini. Chakula hakikutosha. Mjomba alikuwa tayari kunichukua Katilu, lakini si na mtoto mdogo. Mama Achol akasema, mwache huyu, atakula na wangu na atasoma na wangu. Siku ya kuandikisha wakimbizi kwa mgao wa chakula ilipofika akasema tena, huyu mtoto anakula kutoka chungu changu, na aandikwe kwangu. Nilikubali. Nilimshika mwenyewe mkono Nakiru, nikamsaidia kubonyeza kidole kwenye mashine. Wengi wetu walifanya hivyo miaka ile ya ukame. Tuliona ni chakula tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kidole hakisahau. Mwaka huu, alipotimiza miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho, mashine ilimwambia kwamba yeye ni mkimbizi wa Sudan Kusini.

Nakiru alinipokea mlangoni. Amekuwa mrefu kunishinda. Tulikumbatiana vizuri, akaichukua mizigo yangu, akanikaribisha kama mgeni: kiti kizuri, maji ya kunawa, sahani ya kwanza. Tulikula walwal, mtama uliofinyangwa vipunje vidogo na kutiwa maziwa. Yeye na Mama Achol walikuwa wanazungumza Kiarabu cha Juba. Walicheka kitu fulani, na Nakiru akanigeukia anifafanulie, halafu akaona ni kirefu, akasema, "Ah, ni mambo ya jirani tu." Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimetembea njia yote ile nikijiona napungukiwa na mtu. Pale nikaona kwamba yeye hapungukiwi na mtu.

Jioni Mama Achol alileta jambo. Alisema mkimbizi akitaka kwenda Lodwar anaomba kibali, na yeye yuko tayari kupanga foleni na Nakiru asubuhi. Ingechukua siku mbili tatu.

Nilikataa mimi, si Nakiru. Nilisema mtoto wa Turkana haombi ruhusa ya kwenda Lodwar. Nilisema akikipokea kibali kile atakuwa ametia sahihi kwamba yeye si wetu.

"Selina," alisema Mama Achol, "karatasi ni karatasi. Mtoto iko mtoto."

Nakiru alikuwa anapiga pasi gauni la safari, alilolishona mwenyewe. Aliniachia mimi niamue, kama nilivyoamua siku ile ya mashine.

Kizuizini

Tuliondoka asubuhi kwa gari dogo, sisi wawili na wafanyabiashara wawili wa Sudan Kusini. Nakiru alikaa dirishani. Aliniuliza ngazi za mlima ni ngapi, nikasema sijui, akasema basi tutahesabu, yeye za kupanda na mimi za kushuka.

Nje ya Kakuma kuna kizuizi cha polisi. Askari alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mpole. Wafanyabiashara walitoa vibali vyao. Mimi nikatoa kitambulisho changu. Kwa Nakiru nikasema ni mdogo wangu, bado hajapata chake. Askari alituomba tushuke, akamwita askari wa akiba aliyekuwa amekaa chini ya turubai, mzee wa kwetu mwenye bunduki ya zamani magotini.

Mzee alimsalimia Nakiru kwa Kiturkana. Nakiru alijibu vizuri, nami nikapumua. Kisha mzee akamuuliza kile ambacho wazee wetu wote humuuliza kijana wasiyemjua: wewe ni wa nani, emachar yenu ni ipi, yaani ukoo na ile alama inayochomwa kwenye mifugo yenu, na dume la ng'ombe la baba yako lilikuwa linaitwaje.

Nakiru alinitazama.

"Usiangalie dada yako," mzee alisema. "Nimeuliza wewe."

Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwambia. Kwenye simu nilimuuliza kama amekula, kama amefaulu, kama anaumwa. Miaka kumi na mitatu, na hata siku moja sikumtajia alama ya baba yake. Nilidhani ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho.

Nakiru alifikiri. Kisha uso wake ukafunguka, kama wa mtoto darasani aliyekumbuka jibu.

"Dume ni Mabior," alisema. "Ni jeupe. Pembe zake zinapinda kuja mbele. Mama huliimbia."

Wafanyabiashara garini walicheka sana. Mmoja akapiga kofi kwenye mlango. "Hiyo ni ya kwetu!" alisema. "Huyu msichana ni wa Bor kabisa!" Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefurahi kweli.

Mzee hakucheka. "Mama gani anaimba?"

"Mama Achol," alisema Nakiru, na sauti ikamwishia katikati ya jina, kwa sababu hapo ndipo alipoelewa.

Mimi sikungoja tena. Nilimtajia mzee ukoo wetu, nikachora alama yetu kwenye vumbi kwa kidole, nikamwambia inachomwa upande gani, nikamtajia dume la baba na rangi yake. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayemwaga gunia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe nimekujua," alisema. "Hata mjomba wako nafikiri namjua. Lakini hiyo alama ungempa huyu. Mimi ninayo yangu."

Yule askari kijana alisema kwa upole kwamba bila kitambulisho na bila kibali hawezi kumruhusu. Kama kungekuwa na kibali, alisema, hata cha siku moja, tungekuwa tumeshapita. Alisema hatamfungulia kesi, arudi tu alikotoka. Nilimwomba. Nilimwomba mzee pia, kwa Kiturkana, kwa maneno ambayo sitayaandika. Mzee aligeuza uso akatazama barabara.

Dereva alianza kupiga honi. Nilitoa begi langu garini nikasema narudi na Nakiru. Yeye akalichukua begi mkononi mwangu akalirudisha kitini.

"Nenda, dada. Ukirudi na mimi leo tutakaa tukiangaliana tu."

"Siwezi kupanda bila wewe."

"Mimi narudi nyumbani," alisema. "Wewe nenda."

Hakulia. Alisimamisha pikipiki, akakaa upande mmoja ili gauni lisikunjike, akaondoka kuelekea Kakuma. Neno lile, nyumbani, alilisema bila kunichoma kwa makusudi. Ndilo neno lake la kila siku. Tulipofika Lodwar, yule mfanyabiashara aliyepiga kofi kwenye mlango alinibebea begi mpaka barabarani, akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna alichokosa.

Mlimani

Mama wa zamu kule Nawoitorong alikuwa ametandika vitanda vyote viwili. Niliona haya kumwambia, nikasema mdogo wangu amechelewa.

Asubuhi nilipanda. Sikuhesabu ngazi. Nilipumzika mara tatu, si kwa kuchoka miguu. Juu kuna upepo mzuri ambao chini haupo. Sanamu ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka mjini, na ukisimama chini yake huuoni uso. Unaona kidevu tu na mikono. Mabati ya Lodwar yalikuwa yanawaka jua, na Turkwel, mto huu huu wetu unaotunyweshea mashamba, ulikuwa mstari wa kijani unaopita katikati ya mchanga. Niliitafuta barabara ya Kakuma nikaiona, nikaifuata kwa macho mpaka ikayeyuka.

Kulikuwa na familia moja, wageni wa mbali, wanapiga picha. Baba yao aliniomba niwapige wote pamoja. Watoto walijipanga kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na yule mkubwa alikuwa anamshika mdogo kwenye bega asisogee. Niliwapiga picha nne ili wapate moja nzuri. Mama yao aliniuliza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo. Tangu nitoke Katilu kila mtu alikuwa ameniuliza hivyo kwa njia yake, na kila mara niliongeza maneno, kwamba mdogo wangu anakuja. Safari hii sikuwa na cha kuongeza. Akataka kunipiga picha na mimi, nikamshukuru nikakataa.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nakiru angesimama hapa, mimi ningesimama hapa, ningemwonyesha paa la ile wodi, ningemwambia, pale ndipo mama alipolala, na hapa ndipo nilipokuambia yuko, na nilikudanganya kwa sababu nilikuwa mtoto. Basi, walipoondoka wale wageni, nikaanza kulitafuta lile paa. Sikulipata. Mabati yameongezeka, majengo mapya kila mahali, na kutoka juu hospitali si ile niliyoijua kutoka barazani. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Yangeweza kuwa mapaa matano tofauti.

Hapo ndipo nilipoketi. Kwa sababu najijua. Nakiru angekuwa amesimama kando yangu, amevaa gauni lake, amengoja miaka kumi na mitatu, nisingethubutu kumwambia kwamba sijui. Ningemwonyesha bati lolote. Ningemdanganya mara ya pili, kwa mlima ule ule, na angeniamini.

Nilishuka jua lilipokuwa kali. Mtu mmoja chini ya mlima aliniuliza kama nimepata baraka. Nikamwambia nimepata upepo.

Katilu

Kurudi hakukuwa na visa. Laga zilikuwa zimekauka tena kana kwamba hazijawahi kulowa. Lori nililorudi nalo lilibeba vitu vya dukani, na dereva wake hakusema neno mpaka Kalemng'orok, jambo ambalo nilimshukuru moyoni.

Nilimpigia Nakiru siku mbili hakupokea. Mnakumbuka nilivyomwagilia kitalu cha wenyewe badala ya changu. Sasa mnajua sababu. Nilikwenda kwa mjomba nikamweleza. Amekubali kwenda na Nakiru mbele ya wazee wanaohakiki Waturkana walioandikwa wakimbizi kama yeye, na nimesema sitarudi kwenye makaratasi, kwa hiyo naishia hapo. Inaweza kuchukua muda mrefu. Tukishindwa, tutaomba kibali. Nitapanga foleni mimi mwenyewe na Mama Achol.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ndani ya maji, simu ikalia. Alikuwa yeye. Hakusalimia.

"Ulipanda?"

Nikasema nilipanda.

"Uliona wodi ya mama?"

Maneno mengi yalinijia, na yote yalikuwa mazuri. Nikasema, "Hapana. Nilitafuta, sikuitambua. Hata ungekuwepo nisingeweza kukuonyesha."

Nilisikia kuku wa Mama Achol, na mtu anatwanga. Nilidhani atakata.

"Sawa," alisema. "Sasa niambie yale mzee aliuliza. Yote. Anza na baba."

Nilianza na baba. Nilimwambia ukoo wetu, nikamweleza alama inavyochorwa, kwanza mkunjo halafu mstari, na upande wa mnyama inakochomwa. Nilimwambia dume la baba lilikuwa la kijivu na lilikuwa na jicho moja baya, na jinsi baba alivyoliimbia akiwa ameinua mikono kama pembe, na jina lake. Nakiru alikuwa anarudia kila neno. Jina la dume alilikosea mara mbili, nikalirudia polepole. Nyuma yake nilimsikia Mama Achol, ameacha kutwanga, naye analirudia, analikosea pale pale.

Tukaingia kwa babu, tukaingia kwa shangazi aliyeolewa Loima. Simu yake iliishiwa chaji tukiwa bado hatujafika kwa mama.